Khalati anataka kwenda kwa Bibi Salme

Khalati yangu, dada wa mama, huja Unguja mara mbili kwa mwaka, na njia yake ni ile ile: boti, bandarini, kwangu Bububu, hospitali ya macho, kwangu tena, bandarini, boti. Huu mwaka wa sita. Foleni ya dirisha la dawa anaijua kuliko mie ninayeishi huku. Wiki iliyopita akanipigia simu baada ya Isha, sauti imechangamka kama mtu aliyeletewa habari ya posa.

"Mwanangu, mara hii nikija unipeleke nyumbani kwa Bibi Salme."

Kumbe alikuwa akisikiliza redio. Walieleza habari za Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja kwa meli mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, na mwaka 1886 akatoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Khalati hakushughulishwa na Mjerumani wala na meli. Kilichomkaa rohoni ni kwamba yule mtoto wa mfalme alijifundisha kuandika kwa kujificha, akinakili herufi kutoka kwenye Msahafu, na ubao wake ulikuwa mfupa wa bega la ngamia. Wasichana wa wakati ule walifundishwa kusoma tu. Kuandika, hapana.

"Mfupa!" akasema Khalati. "Mie n'na daftari na kalamu nikaambiwa toka darasani kamsaidie mama yako kutwanga."

Nikamwambia inshallah nitakupeleka. Halafu nikakata simu, nikakaa kitako, nikaona nimejitia kwenye kazi.

Siku iliyo huru ni moja, Jumapili. Jumamosi anafika na boti, Jumatatu ana miadi ya daktari, Jumanne anarudi Pemba kwa sababu karafuu zinakaribia kuchumwa na hamwamini mtu na mikeka yake ya kuanikia. Goti lake la kulia halipendi vidato. Macho hayapendi jua kali. Kila baada ya saa moja na nusu atataka choo, na hataki choo cha "nenda kule nyuma ya ukuta". Sala zake haziahirishwi. Ukishayatimiza hayo, nafasi inayobaki ndiyo ya historia.

Mume wangu aliposikia akasema, "Magofu matupu. Mpeleke Forodhani jioni ale mishkaki, atafurahi." Simlaumu, yeye kila jengo lisilokuwa na paa analiona kiwanja. Nikageuza risiti ya saruji aliyoiacha mezani nikaandika nyuma yake ratiba ya kwanza.

Mjini nilipatoa mapema. Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, ndiyo kila mtu angetaka kuionesha, lakini upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na mie sitaki kumsimamisha mgeni wangu barabarani nikimwambia "hapa palikuwa". Isitoshe mjini ni ngazi na vichochoro, na kila kichochoro kina jamaa yake wa kwao Wete ambaye lazima tuingie tunywe chai. Dunga kwa Mwinyi Mkuu, mtawala wa kienyeji wa zamani, nako nilipafikiria, roho inapapenda pale, lakini ni katikati ya kisiwa, na Khalati amemtaja Salme, hakumtaja Mwinyi Mkuu.

Zikabaki sehemu tatu za kifalme, Maruhubi, Mtoni na Kidichi, zote upande wetu huu wa kaskazini ya mji. Ukitoka mjini kuja Bububu unaanza kulikuta Maruhubi, kiasi cha kilomita nne hivi, halafu Mtoni, halafu Kibweni, halafu kwetu. Kidichi iko juu, unaacha lami ya Bububu unaingia ndani kwenye mashamba ya viungo. Ratiba ya risiti ilikuwa hivi: asubuhi Kidichi goti likiwa bado zima, adhuhuri nyumbani kusali na kula, alasiri Mtoni jua likishalainika. Maruhubi nikaiandikia alama ya kuuliza.

Jumamosi nikaenda kupeleleza peke yangu. Mtu akinicheka acha acheke. Idd ya mwaka jana nilipanga matembezi bila kutangulia kwenda kuona, nikakodi gari ya mtu, tukakaa barazani na watoto wamevaa nguo mpya tangu saa tatu mpaka saa sita, dereva anasema niko njiani. Mara hii sikodi gari, sipangi kwa kukumbuka.

Nikapanda daladala ya 502, nikamwambia utingo Maruhubi, akaniangalia. Siku ya Jumamosi, mwanamke peke yake, na kikapu. "Kuna harusi?" Hakuna harusi, nateremka.

Maruhubi nilikwenda mara ya mwisho nikiwa msichana na sikukumbuka kama nguzo ni kubwa vile. Zimesimama mstari, nene, fupi, hazibebi kitu. Nilikumbatia moja na vidole vyangu havikukutana, wala havikukaribia kukutana. Pale plasta ilipobanduka unaliona jiwe lenyewe, jiwe la baharini, tumbawe lenye michoro kama ubongo wa mbuzi, na katikati yake chokaa. Juu ya nguzo hizo ndipo palipokuwa na ghorofa na roshani za mbao. Barghash alilijenga jumba mwaka 1882 kwa ajili ya wanawake wake, na mwaka 1899, yeye mwenyewe amekwishakufa miaka 11, likashika moto. Kilichokuwa mbao kikaenda, kilichokuwa jiwe kikabaki. Kwa hiyo unachokitazama leo ni miguu ya meza. Meza haipo.

Kijana mmoja akanifuata kunieleza. Wanaanza wote pale pale: mke mmoja na masuria 99. Nikamwambia mwanangu, hesabu hiyo nimeisikia, nieleze maji yalikuwa yanakuja vipi. Akacheka, akanipeleka. Na kweli, hapo ndipo penye kitu cha kuona. Kuna mabaki ya mfereji uliojengwa juu kwa juu kuleta maji, kuna mabirika, kuna hamamu za kuogea zenye vyumba vyake, na nje kuna madimbwi ya mayungiyungi. Mayungiyungi bado yamo. Majani yametanda juu ya maji kama sahani zilizosahauliwa baada ya karamu, na chura mmoja amekaa juu ya jani lake, hana habari na mimi wala na Barghash. Miembe mikubwa imezunguka. Nilikaa chini ya mmoja nikafungua chupa ya chai, nikapima kivuli. Saa tatu na nusu kivuli kilikuwa kinafika kwenye nguzo ya mwanzo. Hiyo nikaiandika.

Nikaandika pia kwamba ardhi yote ni tambarare. Hakuna kidato hata kimoja ambacho lazima ukipande. Alama ya kuuliza nikaifuta palepale.

Ufukweni pale wapo mafundi wanaotengeneza majahazi, unasikia nyundo. Nikauliza mmoja kuhusu choo. Akafikiri kwanza, akanielekeza kwa adabu sana mahali ambapo mwenyewe alijua hapanifai. Basi choo ni kabla ya kutoka nyumbani, na Maruhubi haizidi saa moja.

Mtoni ni hadithi nyingine. Kutoka barabarani huwezi kudhani, jirani yake ni matangi ya mafuta, malori yanapita, vumbi. Unashuka kuelekea baharini na ghafla unaingia kwenye kuta nene zisizo na paa. Hili ndilo jumba kongwe kuliko yote. Sultani Sayyid Said, baba yake Salme, alianza kulijenga kiasi cha mwaka 1828, kabla hata hajahamishia makao yake Unguja kutoka Maskati moja kwa moja. Salme alizaliwa hapa, na mama yake alikuwa suria Mcherkesi aitwaye Jilfidan. Yeye mwenyewe alikisia kwamba watu waliokuwa wakiishi Mtoni walifika elfu moja. Nikitazama ule uwanja wa kati najaribu kuwaweka elfu moja, na kuni zao, na vyungu vyao, na watoto wao, na uwanjani humo humo swala na tausi na korongo na mbuni wakitembea wapendavyo kama alivyoeleza. Mbuni! Mie kuku wa jirani wanne wananitoa akili.

Mwenye nyumba alikuwa Bibi Azze binti Seif, mke mkubwa, mwanamke mfupi wa kimo ambaye watu wote wakimwogopa. Hakuzaa. Watoto wa masuria wakienda kumpa salamu asubuhi na kutoka mbio. Nilipokuwa nimesimama pale nikajua kwamba Khalati atamtaka huyu kuliko Salme. Kila ukoo wa Pemba una Bibi Azze wake, na kwetu sisi ni Khalati mwenyewe.

Jina la Mtoni linatokana na mto uliokuwa ukipita pale pale kwenye jumba mpaka baharini. Maji ya kuogea yalikuwa karibu, na mabaki ya hamamu unayaona, kuba zake zimeinama kama migongo ya kobe. Upande wa bahari palikuwa na roshani kubwa ya mbao ya mviringo, na Sayyid Said alikuwa akitembea humo huku na huku akifikiri, kichwa kimeinama, mguu mmoja anachechemea kidogo kwa jeraha la vita. Roshani haipo. Ukuta uliobaki una vidaka, vile vidogo vya kuwekea taa na vyombo. Kimoja kilikuwa na mjusi. Kingine kilikuwa na kikombe cha plastiki cha mtu. Nilikitoa nikakitia kikapuni, sikupenda Khalati akikute.

Kivuli cha asubuhi Mtoni si haba, kwa sababu kuta ni ndefu na jua linatokea nyuma yako, upande wa nchi kavu. Alasiri ndiyo mbaya. Jua linashuka upande wa bahari, linakupiga usoni moja kwa moja, na bahari inalirudisha mara ya pili. Mtu mwenye macho mabovu pale alasiri ni kumtesa. Ratiba ya risiti ikawa imekwisha kufa, na mie bado niko Mtoni.

Nikarudi zangu Bububu kwa miguu kipande, kwa gari kipande, nikiwaza habari ya maji. Jumba la Mtoni liliwekwa palipo na mto. Maruhubi ikajengewa mfereji. Barghash huyo huyo akayachukua maji ya chemchem ya Bububu akayapeleka kwa mabomba mpaka mjini, watu wa mjini wakaacha kuteka. Na wazee husema jina Bububu lenyewe ni sauti ya maji yanapotoka ardhini, bu-bu-bu. Nimefika nyumbani, Bububu, nimefungua bomba la jikoni: kimya. Tangu Jumatano. Nikatuma mtoto kwa jirani mwenye kisima na madumu mawili.

Kidichi sikwenda kupeleleza, naijua. Shuleni tulipelekwa, nikarudi tena nilipoolewa. Sayyid Said alimjengea hamamu ile mke wake wa Kiajemi, mjukuu wa Shah, Sheherazade, mwaka 1850, ili akishatoka kuwinda au kukagua shamba apate pa kuoga. Alikuwa anapanda farasi na kuwinda, na Unguja nzima ikabaki kushika kidevu. Mwishowe waliachana, akarudi kwao. Nje nyumba ni nyeupe, ina kuba, haina maringo, unaweza kudhani ni msikiti mdogo wa shamba. Ndani ndiko walikomaliza ufundi: chokaa imechongwa ukutani maua, mitende na ndege, kazi ya Kiajemi kabisa, tena penye watu Waislamu wa kwetu waliozoea kuchonga mistari na majani tu. Unyevu umeila sehemu. Mwanga unaingia kutoka juu kwenye kuba, kwa hiyo ndani hamna jua la kuumiza jicho. Pahala pa baridi, pa kuketi, pa kusema polepole. Hapo basi ndipo pa alasiri. Njiani kurudi wanauza mdalasini na hiliki, na Khalati atawaambia wauzaji kwamba karafuu yao ni ya Unguja na si karafuu. Nimejitayarisha kwa hilo.

Ratiba ya pili, kwenye karatasi safi: Mtoni saa mbili asubuhi, Maruhubi saa tatu na nusu kivuli kikiwa kimefika, nyumbani adhuhuri, Kidichi kwa bajaji saa tisa na nusu. Bajaji ya kijana wa mtaani kwetu, nimekwishapatana naye atusubiri kule kule. Kikapuni mkeka mdogo wa ukili, chupa ya chai ya tangawizi, maji, mkate wa kumimina, kachori, na mwavuli. Kitambulisho chake cha Mzanzibari nimemwambia asikiache Wete, tusije tukatozwa bei ya wageni wa Ulaya kwa nyumba ya jirani yetu.

Jana usiku nikampigia kumsomea. Alisikiliza kwa adabu, kila kituo anaitika "ehe". Bibi Azze alimpenda, kama nilivyojua. "Huyo n'takwenda kumsalimia," akasema, kama kwamba yupo. Akauliza walikuwa wanapika nini. Nikamwambia wali, nyama, vitu vya kukaanga, asali. Akauliza nani akiosha vyombo vya watu elfu moja. Nikamwambia watumwa, Khalati. Akanyamaza kidogo. "Hao redioni hawakuwataja," akasema.

Kisha akauliza kaburi la Salme liko wapi, tulisomee Fatiha au tusisome. Swali hilo sikutaka kulijibu kwenye simu, Salme alibatizwa kabla hajaolewa na Khalati hajui, au anajua na anataka nimwambie. Nikajibu lile nililoweza. Nikamwambia amekufa Ujerumani mwaka 1924, amezikwa Hamburg, na kwenye vitu vyake walikuta kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, wakamzika nacho.

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Mchanga wa wapi? Wa Mtoni?"

"Wa pwani, Khalati. Sijui pwani gani."

"Atachukua mchanga wa pwani gani mtu, kama si ya kwao?" Nikasikia anaweka kitu chini, kikombe au miwani. "Hiyo Jumapili ni mwezi ngapi?"

Nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani. Mwezi 15, mwezi mpevu.

"Basi ni bamvua. Maji yatakupwa saa nne, saa nne na nusu. Wewe unanipeleka Mtoni saa mbili nikaone nini? Maji hayajaondoka. Mie nataka kukanyaga huo mchanga, n'vue viatu."

Ana miaka 71, haoni vizuri namba za simu, lakini maji ya Jumapili ijayo anayajua akiwa Wete kitandani.

Nimeandika ya tatu. Maruhubi saa mbili na nusu, kivuli kitakuwa kirefu zaidi tu, si hasara. Mtoni saa nne kasoro robo. Nimeongeza kikapuni taulo na dumu dogo la maji ya kuoshea miguu, maana chumvi ikikauka goti litalalamika mpaka Jumanne. Bomba letu likiwa bado halijarudi, nitalijaza kwa jirani.